Mtaji Hauliwi: Maisha Yangu kwenye Kaunta ya Besiboli

Nilipoajiriwa kwenye kaunta ya kubeti michezo katika kasino moja ya Las Vegas, sikuwa nimewahi kutazama mechi ya besiboli. Mimi ni mtu wa Mwanza, nimekulia kwenye soka. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea fedha, kuchapa tiketi na kuwalipa walioshinda. Lakini msimu wa besiboli hauachi mtu wa kaunta abaki mgeni. Timu za ligi kuu ni 30, kila moja inacheza mechi 162 kuanzia majira ya Machi hadi Septemba, karibu kila siku. Hizo ni mechi 2,430 kabla hata ya hatua ya mtoano. Nikaujua mchezo, na nilianza kuujua kwa upande wa bei.

Bei kwenye ubao huandikwa kwa mtindo wa Kimarekani. Timu inayopewa nafasi huandikwa, kwa mfano, −150: unaweka dola 150 ili upate faida ya dola 100. Mpinzani wake huwa +130: unaweka 100 upate faida ya 130. Kwenye mikeka ya kwetu ungesoma 1.67 na 2.30. Ili mtu asipate hasara kwa bei ya kwanza, timu ile lazima ishinde mara 60 katika kila mara 100. Kwa bei ya pili, mara 43 na nusu. Jumla yake ni 103.5, na hakuna mechi yenye nafasi zaidi ya 100. Ile tatu na nusu iliyozidi ndiyo iliyolipa mshahara wangu. Kila anayebeti huanza akiwa nyuma kwa kiasi hicho, hata kama anaijua besiboli kuliko makocha.

Jambo hili halikunisumbua kulielewa kwa sababu ya mama yangu. Aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Dagaa wazuri kwa bei mbaya hakuwagusa. Dagaa wa kawaida kwa bei nzuri aliwabeba. Na fedha ya kununulia mzigo wa kesho aliifunga kwenye kitambaa chake peke yake, haikuchanganyika na ya unga wala ya ada. Mtaji hauliwi, alituambia. Sijasikia kanuni ya kubeti iliyopita hizo mbili.

Wateja wengi walikuja kwenye dirisha langu wakiuliza nani atashinda leo. Besiboli haina jibu la swali hilo. Mwaka 2001 Seattle Mariners walishinda mechi 116, nyingi kuliko timu yoyote ya karne iliyopita isipokuwa wale waliofikia idadi hiyo hiyo mwaka 1906, na bado walipoteza 46. Mwaka 2024 Chicago White Sox walipoteza mechi 121, lakini walishinda 41. Timu bora kabisa hufungwa wiki baada ya wiki, na timu mbovu kabisa hulipa watu wachache wenye subira.

Wateja wachache waliuliza swali lingine: bei hii inastahili? Hao waliangalia kwanza mrushaji wa mpira anayeanza mechi, kwa kuwa ndiye anayeamua sehemu kubwa ya mechi, na kwa kawaida huyo huyo harudi uwanjani mpaka zipite siku nne au tano. Timu ile ile inaweza kupewa nafasi kubwa leo na ndogo kesho. Ndiyo maana tiketi nyingi tulizochapa zilikuwa na majina ya warushaji. Aliyetajwa asipoanza, dau lilirudishwa. Kisha waliangalia uwanja. Denver iko mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, mpira unaruka mbali, hivyo jumla ya mikimbio, yaani pointi za besiboli, inayotarajiwa pale huwekwa juu. Chicago, kwenye uwanja wa Wrigley Field, upepo wa kutoka ziwani unaweza kuua mpira uliopigwa vizuri, na ukigeuka unausukuma nje ya ukuta. Lakini hayo yote ubao ulikuwa umeshayahesabu. Habari inayojulikana na kila mtu imo tayari ndani ya bei. Faida hupatikana tu pale ulipoona kitu mapema kuliko bei, na pengo hilo huwa dogo.

Miongoni mwao alikuwepo mzee mmoja, mhasibu mstaafu, aliyenifundisha zaidi ya mtu yeyote pale. Alikuja na daftari. Ndani yake aliandika bei aliyonunulia, na pembeni bei iliyokuwepo mechi ilipoanza. Akinunua kwa 2.30 na bei ikafungwa kwa 2.15, alijua amefanya kazi nzuri hata kama amepoteza. Ikifungwa kwa 2.45, alijua amenunua ghali hata kama ameshinda. Siku nyingi aliusoma ubao, akanisalimia, akaondoka bila kuweka chochote.

Dau lake halikuzidi asilimia mbili ya mtaji. Nilipomuuliza kwa nini, alinielekeza kwa John Kelly, mtafiti wa Bell Labs aliyechapisha mwaka 1956 hesabu ya kiasi cha kuweka mtu anapokuwa na ubora fulani juu ya bei. Chukua ile 2.30. Ukiamini kwa haki kwamba timu ina nafasi ya asilimia 46, hesabu ya Kelly inakuambia uweke asilimia nne na nusu hivi ya mtaji. Ukiamini nafasi ni 43, inakuambia usiweke kitu. Mzee alichukua nusu ya jibu hilo au chini yake, kwa kuwa hesabu ni sahihi ila makadirio ya binadamu hupindukia.

Asilimia mbili humlinda mtu na siku mbaya, na siku mbaya hazikosekani. Anayeshinda mara 55 katika 100, ambaye ni hodari, akiweka madau 300 kwa msimu atarajie kupoteza mara tano mfululizo zaidi ya mara moja. Akiwa anaweka asilimia mbili, tano hizo humtoa chini ya sehemu moja ya kumi ya mtaji. Akiwa anaweka asilimia kumi, zinachukua asilimia 41, na ili arudi alipokuwa anahitaji kukuza kilichobaki kwa asilimia 69. Nimewaona pia wanaozidisha dau mara mbili kila wanapopoteza. Aliyeanza na dola 20 akipoteza mara sita ameshatoa 1,260, na dau la saba ni 1,280, yote hayo akitafuta faida ya dola 20. Watu hao niliwajua kwa sura, kisha nikaacha kuwaona.

Mwezi Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria ya 1992 iliyokuwa inazizuia karibu majimbo yote kuruhusu kubeti michezo. Kubeti kukahamia kwenye simu. Kwenye kaunta, aliyepoteza alilazimika kutembea na kupanga foleni, na foleni ile ilipoza hasira za wengi. Simu haina foleni. Tangu hapo nimeamini kwa moyo wote kwamba kiasi cha dau lazima kiamuliwe na kuandikwa kabla mechi ya siku haijajulikana.

Simu hiyo ndiyo iliyonikutanisha na mpwa wangu wa Mwanza. Mechi zinazoanza saa kumi jioni Las Vegas kwao ni saa nane usiku, na hazikosi kwenye mikeka ya wasiolala. "Mjomba, uko huko huko," aliniambia, "nipe timu nne za uhakika." Nikamweleza kwamba timu nne zenye nafasi ya asilimia 60 kila moja zinashinda zote mara 13 tu katika 100. Kwa bei kama zile za ubao wetu, mkeka wa timu nne unampa mwenye kampuni karibu asilimia 13 ya kila shilingi, badala ya tatu na kitu za mechi moja.

Sikumkataza. Nilimwomba afanye kama mzee: atenge fedha isiyo ya kodi wala chakula, aweke asilimia mbili, mechi moja moja, na aandike bei zote mbili kwa msimu mzima. Alifanya hivyo kwa uaminifu kuliko nilivyotarajia. Septemba tuliyapitia maandishi yake kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Bei alizonunua zilikuwa mbaya kuliko za kufungia mara nyingi mno, na hasara yake ilikuwa ndogo kwa sababu madau yalikuwa madogo. Aliamua kuacha, akaingiza kilichobaki kwenye duka la vipuri vya pikipiki analoendesha na rafiki yake.

Wanaosoma hesabu zao kwa ukweli, wengi wataona alichokiona yeye. Wachache watafanana na mzee wangu mhasibu. Kusimamia mtaji ndiyo njia ya kujua uko upande gani ungali na kitu mkononi, na anayekataa kuandika hajastahili kuweka hata shilingi.