Vidole vya Bibi na Katuni za Simu

Wenzangu tuliokulia Tanzania Bara miaka ya 1980 mnaikumbuka redio ya National iliyovishwa koti la ngozi lenye vitundu, ikakaa juu ya kabati la vyombo, antena yake imefungwa waya hadi dirishani, betri tumezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kumaliza japo kipindi kimoja, na kipindi chenyewe kilikuwa Mama na Mwana. Sauti ya Deborah Mwenda ilipotoka Redio Tanzania Dar es Salaam, mama aliendelea kuchambua mchele, shangazi akasuka ukili wake, dada mkubwa akapuliza jiko, na hadithi ilipofika pabaya mtu mzima ndiye aliyekuwa wa kwanza kuguna. Kilikuwa kipindi cha watoto, na nyumba nzima ilikisikiliza. Leo mtoto ana katuni yake na kona yake ya kochi.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja, redio ile haikuwa na maana. Shule yake ilikuwa uani. Kwetu Ngamiani, mjini Tanga, bibi alikaa juu ya mkeka wa ukindu, miguu ameinyoosha, kanga imelainika kwa kufuliwa na inanukia mafuta ya nazi, mtoto amempakata mapajani wanatazamana uso kwa uso. Aliushika mkono wa mtoto na kuanza na kidole cha mwisho, kile kinachowashawishi wenzake waende kuiba, akapanda kwa kinachouliza na kwa kinachoogopa, kila kidole akikibana kidogo na kukipa sauti yake, hadi akafika kwenye gumba lililokataa kwenda na kujitenga, ndiyo maana mpaka leo linasimama mbali na wenzake. Kisha vidole viwili vya bibi vilianza safari kutoka kiganjani kuelekea kwapani. Mtoto asiyejua kutamka neno lolote alianza kucheka vikiwa bado kwenye kiwiko. Bibi alimwona, akasita makusudi, akamtazama machoni, akasogea kidogo, akasita tena. Mtoto akichoka na kugeuza uso, mchezo uliishia hapo hapo.

Hakuna aliyeuita mchezo ule elimu.

Televisheni ilichelewa kutufikia. Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri hadi kituo cha ITV kilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Zilikuwapo pia deki na kanda zake, kisha zikaja santuri za video za barabarani. Zote hizo zilikaa sebuleni, na mwenye kuziwasha alikuwa mtu mzima. Simu ndiyo iliyoingia mpaka kitandani.

Sasa uji hauliki bila katuni. Mtoto anafungua mdomo macho yakiwa kwenye kioo, kijiko kinaingia, anameza bila kumtazama anayemlisha. Bando likikata, kilio kinasikika nyumba ya tatu. Nimewasikia wazazi wengi wakilizungumza jambo hili na hawasemi kitu kimoja. Yupo mama anayeapa kwamba mwanawe amejua rangi zote na kuhesabu hadi kumi kwa sababu ya katuni za Cocomelon. Yupo baba anayejivunia Kiingereza cha mtoto ambaye bibi yake hamwelewi. Yupo anayesema waziwazi kwamba anachotaka ni nusu saa ya kupika bila mtoto kulishika jiko, na mimi huyu namwamini kuliko wote. Uani hakuna bibi tena. Mama anapanda daladala alfajiri kutoka Mbagala na kurudi usiku, dada wa kazi ana nguo za kufua na maji ya kuchota, na chumba ni kimoja. Anayemlaumu mama huyo kwa kuwasha simu, kwanza amshikie mtoto.

Ila swali la kama mtoto mchanga anajifunza kweli kutoka kwenye kioo lilikwisha kuulizwa kwingine, na majibu yapo. Mwaka 1996 huko Georgia, Marekani, mwalimu wa zamani aitwaye Julie Aigner-Clark alitengeneza nyumbani kwake video ya kwanza ya Baby Einstein. Vitu vya kuchezea, muziki wa kizungu wa zamani, rangi zinazozunguka. Wazazi waliinunua kwa wingi, na mwaka 2001 Disney ikainunua kampuni yenyewe. Mwaka 2009 Disney hiyo hiyo ilikubali kuwarudishia fedha wazazi walionunua video hizo. Mwaka uliofuata mtafiti Judy DeLoache na wenzake walichapisha jaribio lao: watoto wa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu walitazama video ya kufundisha maneno mara kadhaa kwa wiki, mwezi mzima. Hawakujua maneno mengi kuliko watoto ambao hawakuitazama kabisa. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao wazazi wao walipewa orodha ya maneno tu, bila video, wakayatumia nyumbani kwa namna yao. Na kadiri mzazi alivyoipenda video, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba mwanawe amejifunza kitu.

Hilo la mwisho ndilo linalonigusa. Tunamwona mtoto ametulia, macho hayapepesi, tunasema anasoma.

Patricia Kuhl, wa Chuo Kikuu cha Washington, alikuwa amekwishaonyesha jambo la karibu na hilo mwaka 2003. Watoto wa Kimarekani wa miezi 9 walikutana mara 12 na watu waliowasomea vitabu na kuwachezesha kwa Kichina, na masikio yao yakaanza kupambanua sauti za lugha hiyo. Wenzao walipewa watu wale wale na vitabu vile vile, ila kupitia televisheni. Hawakupata kitu. Kilichokosekana ni mtu wa kusita pale mtoto anapocheka.

Watoto wakikua kidogo, mambo hubadilika, na hapa sina budi kusema tumepata kitu ambacho bibi hakuwa nacho. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lilitupa Ubongo Kids, kisha Akili and Me kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Akili ni msichana wa miaka 4 anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro, na kila akilala anaingia nchi ya ndoto kukutana na wanyama marafiki zake. Anaongea Kiswahili, nywele zake ni kama za binti yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wa chekechea wa Morogoro ulionyesha kwamba walioitazama kwa wiki chache waliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, hata kuchora. Sisi tulifika darasa la kwanza tukihesabu kwa visoda, na wengi waliachwa njiani. Siwezi kuyatamani yale yarudi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja, kioo kisiwepo kabisa, mwaka mmoja, hakishauriwi, miaka 2 hadi 4, kisizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huo huo unasema mtoto anapokuwa ametulia, asomewe na kusimuliwa hadithi na anayemlea. Madaktari wa watoto wa Marekani nao, mwaka 2016, waliposhauri kioo kiepukwe kabla ya miezi 18, waliacha mlango mmoja wazi: mazungumzo ya video na ndugu. Kwa sababu ndugu anajibu.

Basi, mzazi mwenzangu, mtoto akifika miaka mitatu mtafutie Akili and Me, na uketi naye. Kabla ya hapo, jioni ukirudi, hata ukiwa hoi, mpe dakika kumi za vidole vyako. Na kama bibi yake yu hai, mpigie leo kwa video acheze na mjukuu, nawe uyashike maneno yake yote, maana wengi wetu tumebaki nayo nusu.