Kafeini ni Fuliza ya Mwili

Kuna wakati nilikuwa napakia ndizi kwa lori pale Daraja Mbili. Siku ya soko unaamka saa kumi usiku, baridi ya Kisii iko kwa mifupa, na mkungu haujui kama ulilala. Kabla lori la kwanza lijae, nilikuwa nishamaliza chupa ya enaji. Saa nne ingine. Jioni bega likichoma, vidonge viwili vya maumivu, nalala. Nilijiona mwanaume wa chuma.

Jumapili sikuwa naenda soko, kwa hivyo hakuna enaji. Na kila Jumapili kichwa kilikuwa kinapasuka. Nikimeza vile vidonge, kinatulia. Siku moja dada wa kemisti akaniuliza, "Kijana, hizi unanunua mara ngapi kwa wiki?" Akageuza pakiti, akanionyesha yale maandishi madogo: kafeini.

Wasee, iko kwa dawa nyingi za kichwa. Panadol Extra, kwa mfano, kila kidonge kina miligramu 500 za paracetamol na 65 za kafeini. Imewekwa hapo kwa sababu inasaidia dawa kutuliza maumivu vizuri zaidi. Ukitumia mara moja moja, hakuna noma.

Sasa shida iko hapa. Ukiwa macho, ubongo unakusanya kemikali inaitwa adenosini. Hiyo ndiyo hukuambia umechoka. Kafeini inakuja inakalia kiti chake. Uchovu haujaenda, umekosa tu pa kukaa. Ndiyo maana naiita Fuliza: malipo yamepita, lakini hiyo pesa haikuwa yako.

Halafu kafeini hubana mishipa ya damu ya kichwani. Mwili ukishazoea, ukiipunguza ghafla mishipa inapanuka, na kichwa huanza kuuma, mara nyingi baada ya muda wa saa 12 hadi 24. Hiyo ndiyo Jumapili yangu. Nilikuwa nalipa deni kwa kukopa tena.

Sisemi uache chai. Sisi watu wa Kisii na Nyamira tumelelewa na majani chai, tutaanzia wapi? Nasema geuza pakiti usome. Ukitaka kupunguza, punguza polepole. Na kama unameza dawa hizi za mchanganyiko siku 10 au zaidi kwa mwezi, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inakuletea kichwa. Muone daktari.

Mimi nilipunguza kidogo kidogo, na Jumapili zangu zikarudi. Bega la kulia ndilo halijarudi. Miezi yote ile lilikuwa linaniambia niweke mkungu chini, na mimi nilikuwa nimelizima sauti.

Wewe je, wiki hii umefuliza mara ngapi?