Usiku wa Sultan, Ng'ambo

Tamthilia ile Waturuki waliiita Muhteşem Yüzyıl. Sisi, tangu Azam TV walipoileta ikizungumza Kiswahili, tuliijua kwa jina moja tu: Sultan. Asiye na king'amuzi alikuja kuitazama kwa bibi yangu, Ng'ambo ya mji wa Unguja, na aliyenacho alikuja vilevile, maana kuitazama peke yako ilikuwa kama kula biriani ya harusi chumbani, mlango umefungwa. Hakuna aliyethubutu kunong'ona mpaka liingie tangazo la biashara. Hapo ndipo baraza lilipoanza.

Ubishi ulikuwa mmoja kila siku, juu ya wanawake wawili wa sultani: Hürrem au Mahidevran? Wanawake waliowahi kuletewa mke mwenza walisimama na Mahidevran, mama wa mwanamfalme Mustafa, bila kutetereka. Sisi vijana tulikuwa wa Hürrem. Tulipenda kicheko cha Meryem Uzerli na ujeuri wake mbele ya mama mkwe, na namna Halit Ergenç, aliyeigiza Sultan Süleyman, alivyolegea akimwona. Uzerli alipoondoka na nafasi yake akapewa Vahide Perçin, mtaa mzima ulikataa. "Huyu siye," walisema, na ilichukua muda kumkubali.

Walioingiza sauti nawashukuru hadi leo. Kwa mara ya kwanza nilisikia mwanamume kwenye televisheni akimbembeleza mkewe kwa Kiswahili kilichonyooka, chenye heshima na mahaba. Na halikuwa pambo la mwandishi tu: Süleyman wa kweli, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, alikuwa mshairi, akijiita Muhibbi.

Bibi hakuwa upande wowote. "Huyu kaibwa kwao, wanangu, msisahau," alikuwa akisema, sisi tukishangilia nguo na vito. Na ndivyo ilivyokuwa. Hürrem alitoka Ruthenia, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akatekwa akiwa msichana, akauzwa hadi Istanbul. Desturi ya jumba la kifalme haikuwa sultani kufunga ndoa na kijakazi wake. Süleyman alimwacha huru, kisha akamuoa. Meral Okay, aliyeiandika tamthilia hii tangu ilipoanza 2011 hadi alipofariki 2012, alilielewa hilo vizuri. Katika Topkapı yake, jumba la sultani, kila anayependwa anaogopa. İbrahim Paşa, rafiki wa roho wa sultani, aliuawa kwa amri ya sultani huyohuyo, 1536. Mwaka 1553 zamu ikawa ya Mustafa, mtoto wake wa kumzaa. Usiku tulioona kifo cha Mustafa, Bibi alizima televisheni majina ya waigizaji yakiwa bado yanapita. Watu waliondoka bila kunywa chai.

Huko Uturuki kwenyewe Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, aliishutumu hadharani: sultani yule, alisema, alitumia miaka 30 juu ya farasi, si ndani ya jumba. Mimi naona vita vya wafalme tumefundishwa vya kutosha. Machozi ya wanawake wa nyumba zao ndiyo hatukufundishwa.

Hata hapa kwetu. Kaskazini kidogo ya mji yapo magofu ya jumba la Mtoni. Humo alizaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, binti wa Sayyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kisirkasi, naye alinyang'anywa kwao akiwa mtoto mdogo. Salme alipokua alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akatoroka Unguja kwa meli 1866, akaolewa Aden, akawa mjane Hamburg mwaka 1870. Kisa chake alikiandika mwenyewe, kitabu kikatoka 1886. Bibi alikijua kwa kusimuliwa, ndiyo maana Hürrem hakuwa mgeni kwake.

Enyi watengenezaji wa tamthilia wa Unguja na Dar es Salaam: Waturuki wamekwisha kutuonyesha kwamba watu wetu watakaa usiku baada ya usiku kutazama mapenzi ya karne zilizopita, mradi yasemwe kwa Kiswahili kizuri. Jumba lipo, kisa kipo, waigizaji wapo. Tuleteeni Salme.