Wapiga Piano Tuliowapata Simuni



Sisi ni mafrateri watatu, wenyeji wa Tandahimba, na wote tunapiga kinanda. Tukiwa likizo tunasaidia kwaya ya parokia. Kinanda chetu ni cha umeme. Umeme ukikatika kinanyamaza, na Misa inaendelea kwa ngoma na kayamba. Piano yenyewe, ile yenye nyuzi na nyundo ndani ya sanduku la mbao, huku juu Umakondeni hatujaiona. Tumeijua kwa njia ya simu.

Tulianza kwa kutafuta mafunzo ya kinanda YouTube, ili mazoezi ya kwaya yaende vizuri. Pembeni ya mafunzo zikawa zinajitokeza video za wapiga piano. Tukaangalia moja, kisha nyingine. Sasa tuna desturi: kila mmoja anatafuta mpigaji mmoja, anampakua kwa bando la usiku, na kesho yake tunamsikiliza pamoja kwa spika ndogo, chini ya mkorosho. Si video zote zinazobaki kwenye simu. Watatu wamebaki, na tungependa kuwashirikisha ninyi wasomaji.

Wa kwanza ni Nobuyuki Tsujii wa Japani. Alizaliwa mwaka 1988 akiwa haoni. Mwaka 2009 alishiriki mashindano ya Van Cliburn kule Texas, Marekani, akapata medali ya dhahabu pamoja na kijana wa China, Haochen Zhang. Tsujii hujifunza kwa kusikia: anarekodiwa sehemu ya mkono wa kulia peke yake na ya mkono wa kushoto peke yake, naye anaziunganisha. Anapopiga na okestra hamwoni kiongozi, hivyo anasikiliza jinsi anavyovuta pumzi. Wanakwaya wetu wengi hawasomi nota. Wameshika nyimbo kwa sikio tangu utotoni. Tulipowaonyesha video hii, mama mmoja wa WAWATA alisema, “Kumbe hata sisi si wajinga.” Tangu siku hiyo, mazoezini, tunavuta pumzi pamoja kabla ya kuanza.

Wa pili ni Maria João Pires wa Ureno. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Amsterdam, mbele ya watu, kupiga konseto ya Mozart akiwa na okestra iliyoongozwa na Riccardo Chailly. Okestra ilipoanza akagundua kwamba ile siyo konseto aliyojiandaa nayo. Ilikuwa nyingine, ile ya D ndogo. Video inaonyesha uso wake: anashika kichwa, anamweleza kiongozi, na kiongozi anatabasamu, anamtia moyo huku akiendelea kuongoza. Utangulizi wa okestra unachukua zaidi ya dakika mbili. Ulipokwisha, mama yule akaweka mikono juu ya piano na akapiga, yote kutoka moyoni.

Juu ya video hii tumebishana sana. Mwenzetu mmoja anasema ni kipaji tu. Wawili tunaona ni mazoezi ya miaka, yaliyozama mpaka hofu haiwezi kuyafuta. Walezi wetu hutuambia habari hiyo hiyo kuhusu zaburi za Masifu na Sala ya Jioni. Unazirudia leo, unazirudia kesho, wakati mwingine akili iko shambani. Ipo siku utaitwa usiku kwenye kitanda cha mgonjwa, bila kitabu na bila taa, na utakachokuwa nacho ni kile ulichokwisha kukiweka moyoni.

Wa tatu alituletea maneno. Katekista wetu ni mzee, na ndiye mpiga ngoma mkuu wa parokia. Alitutazama siku kadhaa tukiwa tumeinamia simu, kisha akauliza, “Mafrateri, mmeshafika Japani na Ureno. Ngoma ya hapa mtaisikiliza lini?”

Swali lile lilikuwa zito. Padre anayejua muziki wa mbali na asiyejua mapigo ya waamini wake atakuwa mgeni katika parokia yake mwenyewe. Badala ya kumjibu, tulimpa mzee spika, tukamwekea Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou.

Emahoy ni jina la heshima la mtawa wa kike katika Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia. Mama huyu alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, na utotoni alipelekwa kusoma Uswisi. Waitalia walipoivamia Ethiopia, familia yake ilichukuliwa mateka hadi Italia. Baadaye alisoma muziki Cairo. Alipata nafasi ya kwenda kusoma London, lakini alinyimwa ruhusa ya kusafiri, na huzuni ikamlemea. Ndipo akaingia utawani, akakaa miaka kumi mlimani Gishen Mariam, mbali na piano. Aliporudia muziki, alitoa sahani yake ya kwanza miaka ya 1960, na mapato akayaelekeza kwa wahitaji. Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu, akaishi katika monasteri ya Waethiopia hadi alipofariki Machi 2023, akiwa na miaka 99.

Tuliyomwekea mzee haikuwa hata video ya kumwona akipiga. Ilikuwa picha yake iliyotulia na sauti ya piano. Mzee alisikiliza, akaomba irudiwe. Kisha akasema, “Huyu mama anapiga chombo cha wageni, lakini anaongea kikwao.” Hatujasikia maelezo mafupi zaidi ya hayo. Mle ndani mna mwendo wa nyimbo za kanisa la Ethiopia, umepita katika chombo cha Ulaya bila kupoteza lugha yake.

Jioni hiyo tulimsimulia mzee jambo tulilofundishwa darasani. Mwaka 1903 Mtakatifu Papa Pius X alitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, na humo alikataza piano isipigwe kanisani. Katika maagizo hayo hayo alikataza pia ngoma. Mzee alicheka sana. Piano na ngoma, vyote ni vyombo vya kugongwa, vilizuiliwa mlango mmoja! Miaka 60 baadaye, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, uliipa kinanda cha mabomba heshima ya pekee, ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya viongozi wa Kanisa mahalia, mradi vifae kwa ibada na viwajenge waamini. Mwaka huo huo, 1963, Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Basi mzee akaanza kugonga meza. Alitufundisha pigo analolipiga kwenye Utukufu, akatuonyesha mahali ngoma inapopumua na jinsi kinanda kinavyoweza kuingia hapo hapo. Hatukupata video ya somo hilo popote.

Kwa wanaotaka kujaribu, tumejifunza haya. Mtumie mwenzako video moja tu, si kumi; bando ni fedha. Mwambie asikilize nini: mkono wa kushoto, au mahali pa ukimya. Mkimaliza, nyamazeni kidogo kabla ya kutoa maoni. Zaidi ya yote, yanayopatikana simuni yapelekwe kwa watu. Mpigaji tuliyemsikiliza peke yetu alitufurahisha kwa dakika chache. Yule tuliyempelekea katekista ametupatia mwalimu.

Na wewe unayesoma, huenda parokiani kwako kuna mzee anayepiga ngoma kila Dominika na hajawahi kuulizwa aliipata wapi. Mpelekee muziki unaoupenda. Kisha muombe akupe wa kwake.