Kwa Basi hadi Mbare

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka wa Tunduma. Wengi walinishauri nipande ndege, lakini nilitaka kufika Harare, Zimbabwe, kwa barabara, kwa sababu tiba niliyokuwa naifuata ilizaliwa na nauli ya basi. Mwaka 2005 Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa akimsubiri mgonjwa wake, msichana aliyewahi kujaribu kujiua. Hakufika. Nyumbani kwao walikosa dola 15 za kumpeleka mjini, na daktari akaja kuambiwa kwamba binti amejiua.

Tangu mpakani Chirundu, kupitia Karoi na Chinhoyi, kila abiria wa njiani alipopanda na kuanza kuhesabu noti zake, nilimfikiria binti yule.

Mbare ni mtaa wa zamani wa Harare, wa wenye kipato kidogo, wenye soko kubwa na stendi ya mabasi ya mikoani. Bomoabomoa ya serikali ya mwaka 2005, Operesheni Murambatsvina, iliuumiza vibaya. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba nchi nzima watu 700,000 walipoteza makazi au riziki. Mwaka uliofuata Chibanda alipotaka kuanza huduma ya afya ya akili hapo, karibu na watu, alipewa akina bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii. Chumba hakupewa. Wakakaa nje, kwenye benchi.

Benchi nililoliona ni la mbao, chini ya mti, ndani ya uwanja wa kliniki. Nilikaa mbali, maana siri ya mtu ni yake. Baadaye mmoja wa akina bibi, Ambuya, ndivyo wote wanavyomwita, alinieleza kazi yake, kijana mmoja akitutafsiria. Huanza na maswali 14 ya Kishona: wiki hii umekosa usingizi? Umekuwa ukiwaza kupita kiasi? Baada ya hapo hatoi hotuba. Alinishika mkono, akawa anagusa kidole kimoja kimoja: kodi ya nyumba, ada ya mtoto, mume asiyesema naye. Kisha akavikunja vyote, akaacha kimoja.

“Tuanze na hiki, mwanangu.”

Kwa hicho kimoja mgeni hutafuta njia mwenyewe, huamua atafanya nini, na hurudi kueleza imekwendaje. Vikao ni kama sita. Wamarekani Thomas D’Zurilla na Marvin Goldfried waliandika mwaka 1971 kwamba kutatua matatizo ni ujuzi unaofundishika, na tiba hii imejengwa juu ya wazo hilo. Lakini kwangu mimi, waliolitia uhai ni akina bibi hawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita sonona ilibaki kwa asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi, na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Leo mabenchi haya yamefika hata Zanzibar.

Waliomaliza vikao hukutana kwa vikundi, wakifuma mikoba ya plastiki ya kuuza. Nilipokaribishwa, mikono ilikuwa ikifuma huku wakijadili mwenzao aliyetolewa kwenye nyumba ya kupanga: nani atamlaza usiku ule, na nani asubuhi atakwenda kuzungumza na mwenye nyumba.