Psss ya wanzuki

Wiki hii nimeshinda na andalio la somo la Baiolojia: upumuaji bila oksijeni. Kitabu kinataja mkate na bia, basi. Mi nikasema aah, tupo Tabora bana, mji wa asali, mfano si upo kwenye dumu la wanzuki?

Lile dumu mnalijua. Asali, maji na chachu; likikaa linatuna, mama muuzaji anakuja kulegeza mfuniko, psss! Ile psss ndiyo somo lenyewe. Chachu inakula sukari, inatoa alkoholi na kabonidayoksaidi, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Mfuniko ukiwa wazi gesi inajiendea zake. Ukibanwa, inayeyukia humo humo kwenye kinywaji.

Wanaojitengenezea bia nyumbani huko Ulaya na Marekani wanautumia ujanja huo kwa vipimo. Wanaiacha chachu imalize sukari kwanza, halafu wanaongeza kama gramu 6 au 7 kwa lita, wanafunga chupa na kusubiri wiki mbili hivi. Wengine wanatumia chachu ya bia ya lager, ile ambayo Emil Christian Hansen aliitenga ikiwa safi pale Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883. Hiyo kuchachua inapenda baridi, nyuzi 8 hadi 13 hivi. Lakini kwa kakazi kadogo ka kutia gesi chupani, joto la kawaida la chumbani linaitosha. Yaani hata geto kwetu, bila friji!

Wanzuki sasa, ole wako uifunge kwenye chupa ya kioo. Inanyweka ikiwa bado inachacha, sukari imejaa tele, hiyo chupa ni bomu. Nadhani ndiyo maana wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo, ila pombe waliikuta vijijini njiani. Burton, aliyefika Kazeh (ndiyo Tabora yetu hii) Novemba 1857, aliiandika sana pombe ya nafaka ya njia ile.

Basi nikawasilisha andalio langu. Mhadhiri akauliza, "Mwalimu, unataka kuwafundisha watoto pombe?" Darasa zima kicheko. Hofu yake naielewa, walevi tunao. Lakini darasani kwangu atakuwepo binti ambaye ada yake inatoka kwenye dumu hilo, na mfuniko anaulegeza yeye kila jioni. Nimwambie anachokijua ni uchafu, halafu nimsifie Hansen?

Puto nitalipeleka, sawa. Chupa ya maji, vijiko viwili vya sukari, hamira, maji ya uvuguvugu, puto mdomoni mwa chupa. Hakuna wa kulewa hapo. Ila swali la kwanza ubaoni sibadilishi: kwa nini mama hulegeza mfuniko wa dumu?

Kesho kutwa nawasilisha tena.