Africville: mtaa uliobomolewa, watu wake wakabaki



Mwezi uliopita, katika darasa la jioni, tulikuwa tunafundisha habari za Canada, maana familia kadhaa hapa zinangoja safari ya kwenda huko. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, kule hakuna mtu anafukuzwa kwake." Sisi walimu tukatazamana. Basi tukawaeleza habari ya Africville.

Ulikuwa mtaa wa watu weusi kandokando ya maji, pembeni ya mji wa Halifax. Baadhi ya wazee wake walikuwa ukoo wa watumwa waliotoroka Marekani wakati wa vita vilivyoanza 1812. Huko waliitwa "wakimbizi weusi". Kumbe jina letu hili si geni Canada! Walinunua viwanja mwaka 1848, na 1849 wakaanzisha kanisa lao.

Watu hao walilipa kodi, lakini mji haukuwaletea maji ya bomba wala mfereji wa maji machafu. Reli ikapita katikati ya mtaa. Miaka ya 1950 jalala la mji likaletwa jirani nao. Halafu wakubwa wakasema, eti mtaa ni mchafu, watu wahamishwe! Uamuzi ulipitishwa 1964. Wengine vyombo vyao vilibebwa na magari ya takataka. Kanisa likabomolewa usiku, mwaka 1967. Nyumba ya mwisho ikaanguka Januari 1970. Walioondolewa walikuwa kama watu 400.

Lililotuuma zaidi ni karatasi. Wengi walirithi nyumba kwa mdomo tu, bila hati. Aliyekosa hati alipewa dola 500, basi.

Lakini hawakukubali kusahau. Kila mwaka, wakati wa joto, wanarudi kwenye uwanja ule ule, wanapiga kambi, wanakula na kusali pamoja. Hata watoto waliozaliwa kwingine wanaonyeshwa nyumba ya bibi ilikuwa wapi. Februari 2010 meya wa Halifax aliwaomba msamaha. Leo pale pana jengo lililofanana na kanisa lao, nalo ni makumbusho.

Baada ya somo tuliwaomba wanafunzi waandike jina la kijiji cha wazazi, mto wake, na majirani wawili. Waliozaliwa hapa kambini, wengi waliacha karatasi tupu. Tuliona uchungu. Na tuseme ukweli, hata sisi walimu tulikwama kwenye majina ya majirani.

Kwa hiyo tunawaomba, mama na baba: jioni hii, mkisubiri chakula kiive, mwambieni mtoto mlikotoka, naye aandike kwenye daftari. Na kama mna hati yoyote ya kule, ifungeni vizuri kwenye nailoni isilowe mvua. Madaftari yaje darasani Jumatatu. Ya kwetu tumekwisha kuyaanza.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea, darasa la jioni.